Mzungu wa ndege aliyepita Malaba kabla ya mpaka

Kama umewahi kukwama Malaba usiku, si unajua vile huwa. Foleni ya matrela imeanzia mpakani ikarudi nyuma hadi huoni mwisho wake, madereva wametandika mikeka chini ya gari, mama wa chapati anapita na ndoo, na kijana wa boda anakuuliza kwa mara ya tatu kama unavuka. Wewe uko kwenye simu, unasoma hii. Poa. Nataka nikupigie hadithi ya mzungu mmoja aliyepita pande hizi kabla kuwe na foleni, kabla kuwe na Kenya wala Uganda za kukugongea muhuri. Alikuja kwa mambo mengi, mengine hayapendezi, lakini kilichomfanya asimame njiani kila mara ni ndege. Sio tai, sio mbuni. Hawa wadogo wadogo tuliokuwa tukiwapiga na manati.

Anaitwa Frederick John Jackson. Usiniambie humjui. Umeshaona picha ya kinyonga mwenye pembe tatu usoni, yule anakaa kama dinosauri aliyeoshwa akanywea? Huyo dunia nzima inamwita kinyonga wa Jackson. Kuna kongoni wa Jackson, kuna kwale wa Jackson, kuna hondohondo wa Jackson. Na ukipanda Mlima Elgon upande wa Uganda utakuta kilele cha Jackson. Jamaa ana majina mengi porini kuliko wanasiasa walivyo nayo barabarani.

Nilikutana naye vibaya, nitakueleza mbele. Kwanza maisha yake.

Alizaliwa 1860 huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwenye familia ya watu wenye mashamba na bunduki. Akasoma shule nzuri, akapita Cambridge. Hapo ndipo kwa kawaida hadithi za watu kama hao huishia kwa wakili au kasisi. Yeye alitaka kuwinda. Mwaka 1884 akashuka Lamu, kwa sababu makamu wa balozi wa Uingereza pale alikuwa mtu anayefahamiana naye, Jack Haggard, kaka yake Rider Haggard yule mwandishi wa hadithi za migodi ya Mfalme Sulemani. Ona hiyo. Umri wa miaka 24, hana kazi, amesafiri kilomita maelfu kwenda kulala kwa rafiki na kupiga nyati. Leo tungemwambia atafute maisha.

Akazunguka pwani, akaenda hadi pande za Kilimanjaro, na huko ndiko tabia yake ilijulikana. Wenzake walikuwa wakihesabu pembe. Yeye pia alihesabu pembe, tusidanganyane, alikuwa mwindaji mkubwa na hata aliandika sehemu za kitabu cha uwindaji kilichotoka 1894. Lakini jioni, watu wakinywa, yeye alikuwa ameketi na ndege mdogo mfu mkononi, anamchuna ngozi polepole isichanike, anamjaza pamba, anamfungia kikaratasi mguuni: siku gani, mahali gani, dume au jike. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya enzi hizo. Hakukuwa na kamera ya kukuza umbali. Ukitaka kumjua ndege ulimpiga risasi. Najua, inauma kusoma. Na mimi iliniuma.

Sasa hapa ndipo anapoingia kwetu.

Mwaka 1889 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitafuta kutawala eneo hili, Imperial British East Africa Company, ilimpa msafara wa mamia ya wapagazi kutoka pwani. Ndani yake walikuwa Ernest Gedge, na James Martin, baharia wa Malta ambaye hakujua kusoma wala kuandika lakini alijua kuongoza msafara kuliko waliosoma. (Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nampenda sana huyu Martin, lakini leo si siku yake.) Kazi yao ilikuwa kufungua njia ya kuelekea ziwani na kuweka ushawishi wa kampuni. Kuhusu Buganda walikuwa na maagizo ya kutojiingiza kichwa kichwa, kwa sababu miaka minne tu nyuma, 1885, Askofu Hannington alipita njia hiihii ya Mumias akaenda kuuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Novemba 1889 wakafika kwa Nabongo Mumia. Wewe leo ukitoka Mumias kuja Busia ni mwendo wa matatu moja na stori mbili. Wakati huo Mumias ndiyo ilikuwa stendi kubwa ya nchi nzima hii. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipumzika pale, chakula kilikuwepo, na Mumia alikuwa mwenyeji anayejua thamani ya mgeni. Pale barua za Mwanga zilimfikia Jackson. Kabaka alikuwa amepinduliwa, anapigana arudi, anaomba msaada. Jackson akajibu kwa uangalifu, akatuma bendera ya kampuni, halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo wanahistoria wakikisimulia wanatikisa kichwa. Akaenda zake Elgon.

Ndiyo. Ufalme mkubwa kuliko wote wa eneo hili unakuita, na wewe unaelekea mlimani. Alikuwa na sababu zake: maagizo, pembe za ndovu, chakula cha msafara. Lakini pia huko juu kulikuwa na ndege ambao hakuna mtu wa vitabu aliyewahi kuwaandika. Yeye na Gedge wakapanda hadi kwenye shimo kubwa la volkano, Februari 1890, kwenye baridi ambayo wapagazi wa pwani hawakuwahi kuiota.

Akiwa huko juu, Mjerumani mmoja, Carl Peters, akaingia Mumias. Akakuta barua za Jackson zimehifadhiwa. Akazifungua. Akazisoma zote. Akajua Mwanga anatafuta rafiki, akafunga mizigo, akakimbia Mengo na kutia saini mkataba na Kabaka. Jackson anarudi Machi, anaambiwa mgeni alipita na barua zako amezisoma. Fikiria ile ya kuacha simu bila nywila kwenye kibanda cha kuchaji, halafu uizidishe mara ufalme mmoja.

Akamfuata. Kutoka Mumias kuelekea Busoga lazima ukate nchi hii yetu ya katikati, ya Wakhayo na Wasamia na Wateso, uvuke mito inayoelekea ziwani. Leo mmoja wa mito hiyo ndio unaotugawa pale Malaba. Hakukuwa na daraja la kuulizana pasipoti. Kulikuwa na majani. Ukisoma maelezo ya wasafiri wa enzi hizo wanazungumzia sana nyasi: nyasi ndefu, tambarare zinazolowa mvua ikinyesha, nyasi mpaka kwenye mafunjo. Weka hiyo nyasi akilini, tutairudia.

Alipofika Mengo, Aprili, Peters alishaondoka. Mwanga naye hakuyapenda masharti ya Jackson, na mazungumzo yakakwama. Jackson akarudi pwani, Gedge akabaki kulinda nafasi. Na kichekesho chenyewe: mbio zote hizo zilikuwa bure. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakagawana kwa kalamu, Ujerumani ikachukua kisiwa cha Heligoland, Uganda ikaachwa upande wa Uingereza. Mkataba wa Peters ukawa karatasi ya kufungia karanga.

Lakini mizigo ya Jackson haikuwa bure. Kwenye masanduku yaliyoshuka pwani kulikuwa na ngozi za ndege zilizofika London, na 1891 wataalamu wa makumbusho wakaanza kutoa majina. Yule kwale wa milimani akawa kwale wa Jackson. Yule ndege mweusi wa mkia mrefu uliopinda, ambaye dume lake huruka juu na kushuka palepale kwenye nyasi kama mtoto anayecheza kamba ili jike limwone, naye akapewa jina la Jackson. Na hapa niseme kitu. Ngozi zile hazikuchunwa na mtu mmoja. Kulikuwa na Waafrika aliowafunza kazi hiyo, mikono iliyojua kutoa fuvu la ndege mwenye uzito wa kijiko cha sukari bila kupasua shingo. Kinyonga hakuitwa jina la hata mmoja wao.

Nipite haraka miaka inayofuata maana ni serikali tupu. Mwaka 1894 akaajiriwa na serikali ya Uganda. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakitumikia Waingereza wakaasi, na kwenye mapigano ya Luba, Busoga, Jackson akapigwa risasi iliyopita kwenye pafu. Watu walidhani ameisha. Akapona.

Mwaka 1902 ndio mpaka wenyewe ulipohamishwa. Kabla ya hapo, hapa ulipo, Malaba, Busia, Kisumu, hadi Naivasha, palihesabiwa kuwa Uganda. Aprili 1 mwaka huo (sio utani wa siku ya wajinga) mkoa wa mashariki wa Uganda ukakatwa ukaunganishwa na nchi ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Nyanya yangu anasema familia yetu haikuhama, ni nchi ndio ilihama ikatupita juu ya kichwa. Jackson aliyejua eneo hili kwa miguu alikuwa mkubwa serikalini wakati huo, na sijui kama nimlaumu kwa mstari ule au la. Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa London. Ninachoweza kusema ni kwamba mwaka 1904, wakubwa wake walipotaka kuwagawia walowezi ardhi ya Wamaasai Bonde la Ufa, yeye alipinga, na mvutano ule ukaishia kwa Kamishna Eliot kujiuzulu. Lakini usimgeuze shujaa. Walowezi walikuja tu, na yeye aliendelea kupanda vyeo kwenye serikali ileile.

Mwaka 1907 akawa naibu gavana Nairobi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, akashuka Mombasa, na aliyempokea kama kaimu gavana ni Jackson. Wakapanda treni wakaketi kwenye kibao kilichofungwa mbele kabisa ya injini, upepo usoni, wanatazama wanyama. Watu wawili wa serikali, na wote wawili wagonjwa wa ndege tangu utotoni. Halafu Roosevelt na mwanawe wakaenda kuua wanyama zaidi ya 500. Watu wa zama zile ndivyo walivyokuwa. Walipenda kwa bunduki.

Mwaka huohuo wa 1909 kikatokea kitu ambacho hakikupigiwa ngoma. Watu wachache Nairobi walianzisha chama cha kuchunguza viumbe wa Afrika Mashariki na Uganda, rais wake wa kwanza akawa Jackson. Mwaka uliofuata chama kikaanzisha makumbusho madogo, na hayo ndiyo yaliyokua polepole yakawa Makumbusho ya Taifa pale Nairobi unapopeleka mtu wa kwanza kukubali kutoka na wewe ukiwa huna hela. Chama chenyewe bado kipo. Leo kinajulikana zaidi kwa jina la Nature Kenya. Shika jina hilo.

Kuanzia 1911 hadi 1918 alikuwa gavana wa Uganda. Akapewa cheo cha Sir. Akastaafu. Tarehe 3 Februari 1929 akafa kusini mwa Ufaransa, Beaulieu-sur-Mer, mbali na nyasi zote. Kumbukumbu za maisha yake zikatoka 1930. Lakini kitabu alichokuwa akikiandika kwa miaka na miaka, kitabu cha ndege wote wa Kenya na Uganda, hakikuwa kimeisha. Kilibaki lundo la karatasi.

Aliyekimaliza ni William Lutley Sclater. Na hapa nilishtuka nikiwa peke yangu chumbani. Yule Kapteni Sclater aliyechonga barabara ya mikokoteni ya ng'ombe hadi hapa Busia miaka ya 1890, ile njia iliyofanya Busia iwe mahali kwenye ramani ya wazungu, alikuwa ndugu yake. Mmoja alileta barabara Busia, akafa 1897 kwa homa huko Zanzibar akiwa kijana. Mwingine akaketi London miaka mingi baadaye na kumaliza kitabu cha ndege cha Jackson. Kilitoka 1938, mijalada mitatu mizito, miaka tisa baada ya mwenyewe kuzikwa. Sclater huyo naye aliuawa London 1944 na bomu la Wajerumani. Kitabu kikabaki.

Sasa nikueleze nilivyokutana naye vibaya.

Nyanya yangu ana kipande cha nyasi ekari tatu, ukitoka Busia kuelekea ndani. Si shamba. Ni malisho, panalowa Aprili hadi viatu vinabaki matopeni, mahindi hayakubali pale. Ng'ombe wake wawili wanalisha. Mimi niliporudi nyumbani bila digrii na bila hela, nilitaka kuonekana bado nina akili. Nikamwambia baba mdogo: hapa tupande mikaratusi. Inakunywa maji, inakausha tope, miaka michache tu unauza nguzo na kuni. Nilikuwa na hesabu kwenye simu. Wazee wakanisikiza, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa muda. Miche 400 ikaagizwa.

Nikawa natafuta mtandaoni nafasi ya kupanda mche hadi mche. Nikaandika nyasi, Busia, miti. Nikapelekwa kwingine kabisa. Nikakuta kwamba mwaka 1999 Nature Kenya, kile chama cha Jackson, kilitoa kitabu cha maeneo 60 ya Kenya ambayo ni muhimu kwa ndege duniani. Kuna Mlima Kenya humo, kuna Msitu wa Kakamega, kuna Mlima Elgon. Na kuna nyasi za Busia. Nikasoma mara mbili. Sio msitu, sio mbuga. Nyasi. Hizi za kwetu ambazo kila mtu anaziita mahali pasipo na kitu.

Sababu yake ni ndege mmoja, mbayuwayu wa buluu.

Hebu sikiza habari zake. Mbayuwayu unaowajua, wenye kidevu chekundu na tumbo jeupe, wanaojaa kwenye nyaya za stima Desemba, hao wengi wanatoka Ulaya kukimbia baridi. Huyu wa buluu hajawahi kuiona Ulaya. Yeye ni Mwafrika mwanzo mwisho. Anataga kusini: Afrika Kusini huko KwaZulu-Natal, Zimbabwe, Malawi, nyanda za juu za Tanzania kama Kitulo. Kiota chake anakibandika ndani ya shimo la ardhini, mara nyingi lile lililochimbwa na muhanga, ndiyo, ndege anayelala shimoni mwa mnyama. Kusini baridi ikianza, kuanzia Machi au Aprili, anaruka kuja kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria, Uganda na magharibi mwa Kenya. Walio mbali zaidi wanakuja kilomita zaidi ya 2,500, ndege asiyefika gramu 20. Anakaa hadi Septemba hivi, anarudi. Hana doa jeupe tumboni, hana jekundu. Ni buluu nzito inayong'aa kama chuma kipya, na dume lina nyuzi mbili ndefu mkiani zinazofuata nyuma kama mikia ya tiara.

Na anataka nyasi. Anakamata wadudu akiruka chini kabisa juu ya majani mabichi yenye unyevu. Umpe msitu hautaki, umpe miwa haitaki. Kusini nyasi zake ziligeuzwa mashamba ya misonobari na mikaratusi na miwa, mashimo yakafukiwa, wakabaki wachache. Kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini amewekwa. Watu wa huko sasa wanalinda viota. Lakini unaweza kulinda kiota kusini vizuri kabisa na ndege asirudi, kwa sababu huku alikokuja kula, kuna jamaa mmoja mwenye hesabu kwenye simu.

Kenya hawa ndege wana pande mbili za kutegemea. Mbuga ya Ruma, Homa Bay, ambayo ni ya serikali na ina ua. Na nyasi za Busia, ambazo ni za kina nyanya. Za watu binafsi, kipande hapa kipande pale, bila ulinzi wowote wa sheria. Kila mwaka kimoja kinapata miwa, kingine kinapata ploti za mita 15 kwa 30.

Utasema ndege na tumbo langu wapi na wapi. Sawa. Hata mimi nilisema. Nikatafuta kama kuna mahali watu waliwahi kufanya hii ikafaulu, nikakuta kwa kina Roosevelt, jimbo la Michigan. Kuna kandege kamoja ka kuimba, tumbo la njano, kanaitwa kwa jina la daktari mmoja, Kirtland. Kalikuwa kanataga kwenye misonobari michanga tu, miti ikizeeka kanahama. Watu walipozuia moto wa msituni wakidhani wanasaidia, miti ikazeeka, ndege wakaanza kuisha. Mwaka 1974 walihesabu madume yanayoimba yakawa 167 tu. Wakaanza kukata miti kwa makusudi na kupanda michanga, wakapunguza na ndege mwingine aliyekuwa akitaga kwenye viota vyao. Mwaka 2019 kandege kakatolewa kwenye orodha ya walio hatarini Marekani. Ilichukua miongo, na pesa ya serikali, na ardhi ya serikali. Nyanya yangu si serikali. Ana ng'ombe wawili na karo ya binamu yangu.

Ndiyo maana nilimtafuta Jackson. Nilitaka kujua ni nani alianzisha chama kilichoandika jina la Busia kitabuni, nikidhani nitakuta mtu mzuri wa kumwonyesha baba mdogo. Nikamkuta huyu: mwindaji, mtu wa kampuni, gavana, aliyeua ndege maelfu ili tuwajue, aliyekosa ufalme kwa sababu alikuwa mlimani. Siwezi kumpeleka mbele ya wazee kama ushahidi. Mzungu wa enzi zile alisema nyasi ni muhimu? Wataniuliza kama alisema hivyo kabla au baada ya kutuhamishia nchi.

Nikamwambia nyanya mwenyewe. Sikutaja Jackson. Nilimwonyesha picha ya ndege kwenye simu, kioo kimepasuka pembeni, akakisogeza karibu na uso. Akaniambia hao wa mweusimweusi wa mkia wa nyuzi wanapita chini miguuni mwa ng'ombe wakati wa mvua, wakifuata inzi. Akasema alipokuwa msichana walikuwa wengi. Alisema pia siku hizi anaona mmoja mmoja, au pengine ni macho yake. Sijui kama ni yuleyule. Kuna mbayuwayu wa aina nyingi, na macho ya nyanya ni ya miaka 80. Kisha akaniuliza kama nguzo zitalipa karo ya Januari. Nikamwambia hapana, mikaratusi haiwezi kukua miezi tisa. Akanitazama kama mtu anayeuliza basi ulikuwa unatuambia nini.

Baba mdogo ndiye mgumu. Ameshalipa nusu ya miche. Nimempigia hesabu nyingine: kuuza majani kwa wanaofuga ng'ombe wa maziwa mjini, ambao Januari na Februari wananunua majani hata ya kando ya barabara. Kwa ekari tatu si pesa mbaya, na haihitaji kungoja. Amesema atafikiria. Kwa sauti ile unayoijua.

Miche 400 iko nyuma ya jiko, ndani ya mifuko yake myeusi, mimi ndiye ninayeimwagilia kwa sababu nimeona vibaya ikauke wakati pesa ya mtu iko humo. Mvua ndefu hazijaanza. Baba mdogo amesema zikianza tu anataka mashimo yachimbwe, na nimemwomba wiki tatu za Aprili, mpaka niende pale asubuhi na kuketi kwenye majani nione nini kinapita miguuni mwa ng'ombe. Amenipa mbili.